SOMO LA 9: UFAHAMU NA MUHTASARI
Mgeni Jijini Nairobi

Karatasi ya Pili (102/2) ina sehemu nne: Ufahamu (alama 15), Muhtasari (alama 15), Matumizi ya Lugha (alama 40) na Isimujamii (alama 10). Somo hili linashughulikia sehemu mbili za kwanza, ambazo kwa pamoja hukupa alama 30 kati ya 80.

Kifungu kinahusu usalama wa mgeni mjini, na kimechaguliwa kwa makusudi. Wiki chache baada ya mtihani, wengi wenu mtapanda gari la kwenda Nairobi: kumtembelea shangazi, kutafuta kibarua au kujiunga na chuo. Kisome mara ya kwanza kwa ajili ya mtihani, kisha ukisome tena kwa ajili yako mwenyewe.

A. KIFUNGU

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali.

(1) Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli, ikapata hadhi ya jiji mwaka wa 1950. Leo ni makao ya mamilioni ya watu, na wengi wao huamka alfajiri kutafuta riziki kwa njia ya halali. Anayesema kwamba kila mkaazi wa Nairobi ni mwizi anawakosea watu hao. Hata hivyo, palipo na pesa na wageni, wahalifu hawakosi. Mwizi hamwandami mgeni kwa sababu anamchukia. Humwandama kwa sababu mgeni hajui njia, hana mtu wa karibu wa kumwita, na mara nyingi amebeba kila alicho nacho katika mkoba mmoja. Ukiyaelewa mambo hayo matatu, umejua pa kuanzia kujikinga.

(2) Usalama huanza kabla hujaondoka nyumbani. Mweleze mwenyeji wako saa unayotarajia kufika, jina la kampuni ya basi na kituo utakachoshukia, kisha mkubaliane mahali hasa pa kukutana. Chagua gari litakalokufikisha mchana; mgeni anayeshuka saa nne usiku hana duka la kuingia wala mtu wa kuuliza. Kariri nambari mbili za simu za jamaa zako, kwani simu ikiibwa, nambari zilizomo huenda nayo. Gawanya pesa zako: nauli iwe mfukoni, akiba iwe mahali pengine pa siri, na zilizobaki ziwe kwenye M-Pesa. Vyeti asilia usivibebe iwapo hakuna anayevihitaji, nakala zinatosha.

(3) Ukishuka katika kituo cha Machakos au kwenye River Road, utakutana na kelele, msukumano na wapigadebe watakaoushika mkoba wako kana kwamba ni wao. Usimwachie yeyote mzigo wako. Usisimame katikati ya njia ukitazama majumba huku simu iko mkononi. Hiyo ni sawa na kutangaza kwamba umefika leo. Ukitaka kuuliza njia, ingia dukani au umwendee askari. Kabla ya kupanda matatu, uliza nauli, kwa maana mvua ikinyesha nauli hupanda. Ndani ya gari, usizungumze kwa simu kando ya dirisha lililo wazi, hasa kwenye msongamano. Mkono wa mwizi hauhitaji zaidi ya sekunde moja. Ukitembea, vaa mkoba kifuani. Giza likiingia, epuka vichochoro na madaraja ya miguu yasiyo na watu, kwa kuwa huko ndiko watu hupigwa ngeta, yaani hukabwa shingo kutoka nyuma na kuibiwa.

(4) Wahalifu wengine hawatumii nguvu bali hila. Utakuta kikundi kimezunguka mchezo wa karata uitwao pata potea. Yule unayemwona akishinda ni mwenzao, na ushindi wake ni chambo chako. Mtu ataangusha bunda la karatasi lililofungwa kama noti, mwingine akuite pembeni mgawane. Atakayepoteza ni wewe. Ukipewa soda au peremende na mtu usiyemjua, shukuru na ukatae, kwani huenda imetiwa dawa ya kulevya, ile inayoitwa "mchele" mitaani. Ukipokea ujumbe kwamba umetumiwa pesa kimakosa, tazama salio lako kwanza. Ujumbe wa kughushi hauongezi salio. Hata likiwa limeongezeka, usizirudishe mwenyewe. Mwache mtumaji aiombe kampuni izirejeshe. Nambari yako ya siri haihitajiwi na mhudumu yeyote wa kweli. Kisha kuna ahadi za kazi, na hizi ndizo huwanasa vijana waliotoka shuleni. Anayedai ada ya usajili kabla hujaona ofisi wala mkataba hana kazi ya kukupa.

(5) Ukivamiwa licha ya tahadhari zote, toa kinachotakiwa. Simu hununuliwa, uhai haununuliwi. Usimfukuze mwizi, kwani hujui anakokimbilia wala wanaomngoja huko. Usipige ukwenzi wa "mwizi!" mbele ya umati. Watu wameuawa kwa neno hilo, wakiwemo wasio na hatia, na hakuna sheria inayouruhusu umati kuua kwa sababu ya wizi. Omba msaada kwa kusema shida yako: "Nisaidieni, nimeumia!" Ukiwa mahali salama, piga 999 au 112. Tumia simu ya mtu unayemwamini kufungia laini yako, ili akaunti yako ya pesa isitumiwe. Hatimaye, piga ripoti katika kituo cha polisi na uhakikishe umepewa nambari ya OB, kwa kuwa utaihitaji utakapotafuta kitambulisho kingine. Wizi usioripotiwa humpa mwizi nafasi ya kumngoja mgeni wa kesho.

B. MASWALI YA UFAHAMU (alama 15)

1. Kwa nini mgeni huwa windo rahisi la wahalifu? (alama 3)
2. Tofautisha wizi wa nguvu na wizi wa hila, ukitoa mfano mmoja wa kila aina kutoka kwenye kifungu. (alama 4)
3. Thibitisha kwamba mwandishi hawahukumu wakaazi wote wa Nairobi. (alama 2)
4. Eleza hatari ya kupiga kelele za "mwizi!" mbele ya umati. (alama 2)
5. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (alama 4)
(a) mwenyeji (b) hila (c) chambo (d) ukwenzi

Majibu na maelezo

1. Hajui njia, hana mtu wa karibu wa kumwita, hubeba mali yake yote mahali pamoja. *Angalia:* alama ni tatu, hoja ni tatu. Mtahiniwa anayeandika "kwa sababu ni mgeni" amelirudia swali tu, na hatuzwi.

2. Wizi wa nguvu humlazimisha mtu kutoa mali yake, kwa mfano kupigwa ngeta. Wizi wa hila humdanganya mtu hadi aitoe mwenyewe, kwa mfano mchezo wa pata potea. *Angalia:* "tofautisha" hudai pande zote mbili. Ukieleza upande mmoja, umepoteza nusu ya alama.

3. Anasema wengi wao hutafuta riziki kwa njia ya halali. Pia anasema anayewaita wote wezi anawakosea.

4. Umati unaweza kumuua mtu, hata asiye na hatia.

5. (a) Anayempokea mgeni. (b) Ujanja wa kudanganya. (c) Kitu cha kumvutia mtu ili anaswe. (d) Ukelele mkubwa wa kuita watu. *Angalia:* kamusi itakwambia chambo ni chakula kinachowekwa kwenye ndoana. Hapa hakuna samaki. Swali limesema "kama yalivyotumika", kwa hivyo irudie sentensi kabla ya kujibu.

C. MUHTASARI (alama 15)

(a) Fupisha aya ya pili. (Maneno 45–50) (alama 7, 1 ya mtiririko)
(b) Ukirejelea aya ya tano, eleza hatua anazopaswa kuchukua mtu aliyevamiwa. (Maneno 60–65) (alama 8, 1 ya mtiririko)

Tujibu (a) pamoja

*Hatua ya kwanza: Matayarisho.* Orodhesha hoja kuu, ukiacha mifano na sababu.
- Usalama huanza kabla ya safari.
- Kumjulisha mwenyeji mipango na kukubaliana mahali pa kukutana.
- Kuchagua gari la kufika mchana.
- Kukariri nambari za simu za jamaa.
- Kugawanya pesa.
- Kubeba nakala za vyeti.

Hoja ni sita. Alama ya saba ni ya mtiririko. Maelezo kuhusu mgeni anayeshuka saa nne usiku yameachwa kwa sababu yanafafanua hoja, nayo hoja tumekwisha kuitaja.

*Hatua ya pili: Jibu.* Unganisha hoja kwa maneno yako, kwa nathari. Usitumie vistari.

Usalama wa msafiri huanza kabla ya safari. Anapaswa kumjulisha mwenyeji wake mipango ya kuwasili na kukubaliana naye mahali pa kukutana. Achague gari litakalofika mchana na akariri nambari za simu za jamaa. Aidha, azigawanye pesa zake sehemu mbalimbali na abebe nakala za vyeti badala ya vyeti asilia.

*Hatua ya tatu: Hesabu.* Jibu hili lina maneno 46. Ukizidisha idadi, hoja iliyoangukia nje ya mpaka haitatuzwa, hata ikiwa sahihi.

Jibu (b) peke yako. Tafuta hoja saba. Ukipata tano tu, irudie aya: wengi huisahau hoja ya kufungia laini na ile ya nambari ya OB. Mjini pia, hizo ndizo husahaulika, na mtu huishia kupoteza simu pamoja na akiba yake.

D. ZOEZI LA ZIADA (Karatasi ya Kwanza)

Ndugu yako mdogo anatarajia kukutembelea jijini kwa mara ya kwanza. Mwandikie barua ya kirafiki ukimweleza jinsi ya kujikinga dhidi ya wahalifu. (alama 20)

*Dokezo:* Usimtishe hadi aahirishe safari. Kila hatari unayoitaja, iambatanishe na jambo analoweza kufanya. Kumbuka anwani, tarehe, salamu za kindugu na tamati yenye jina lako. Kisha, kabla ya kufunga kitabu, andika pembeni nambari mbili za simu za watu wa nyumbani bila kutazama simu. Ukishindwa, anza na hizo leo.