Mbu na Bungua Katika Jaruba Moja
Kijitabu cha kaya zinazolima mpunga wa umwagiliaji

Jaruba lenye maji hulea maadui wawili. Bungua hutoboa shina la mpunga. Mbu aina ya Anopheles, ambaye jike wake hueneza malaria, hutaga mayai majini, hasa miche ikiwa bado mifupi na jua likifika kwenye maji. Katika skimu kama Mwea, Kenya, na Mbarali, Tanzania, wote wawili humwandama mkulima yuleyule.

Jifunzeni kwenye shamba darasa

Njia ya shamba darasa ilianza kwa wakulima wa mpunga wa Indonesia mwaka 1989. Kikundi cha watu 20 hadi 25 hukutana kila wiki msimu mzima. Hukagua mashina, huhesabu wadudu, kisha huamua pamoja cha kufanya. Chukueni pia upawa au kata, mchote maji ya jaruba na kuangalia viluwiluwi vya mbu. Kina mama na vijana wahudhurie, kwani nao huingia majarubani.

Maji

- Sawazisheni jaruba kabla ya kupandikiza, yasibaki madimbwi.
- Miche ikishika, acheni maji yakauke kwa zamu, kisha myarudishe. Kiluwiluwi huhitaji siku 7 hadi 14 kuwa mbu. Maji yakikauka kabla ya hapo, hufa.
- Mpunga ukichanua, msiukaushe.
- Fyekeni na kuzibua mifereji.

Dawa za kunyunyizia

Msinyunyize kwa mazoea. Katika siku 30 za mwanzo baada ya kupandikiza, mpunga ulioliwa majani huchipua tena. Dawa ikipigwa mapema huua buibui na kereng'ende, ambao hula wadudu waharibifu na mbu. Tena, dawa za jamii ya pairethroidi hutumika shambani na pia kwenye vyandarua. Zikizidi majarubani, mbu huzizoea.

Ikibidi kunyunyiza, mwoneni kwanza bwana shamba. Vaeni glavu, barakoa na buti. Chupa tupu isitumike kamwe kwa maji ya kunywa wala mafuta. Watoto na wajawazito wakae mbali.

Baada ya mavuno

Limeni na kufukia mabua, maana bungua hujificha humo hadi msimu ujao.

Nyumbani

- Kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa, hata anayelinda mpunga dhidi ya ndege kwenye kibanda cha shambani.
- Mwenye homa apelekwe kituo cha afya akapimwe ndani ya saa 24. Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu au aliyelegea apelekwe mara moja.
- Anayepewa dawa ya malaria aimalize yote.

Jaruba moja likikaushwa na la jirani likabaki na maji, mbu watavuka tuta. Kubalianeni zamu ya maji kwenye mkutano wa skimu kabla msimu haujaanza.