Kusoma Mwanzo Siku kwa Siku

Kitabu cha Mwanzo kina sura 50. Mtu akisoma sura moja kila jioni, atakimaliza kwa siku 50. Mimi nilikisoma hivyo hapa Kisangani, baada ya chakula, kwa taa ya mafuta, maana umeme hukatika. Sikilizeni niliyoyaona katika siku za kwanza.

Jioni ya kwanza ni ya furaha: nuru, maji, samaki, ndege, na kila kitu ni chema. Jioni ya pili nilikuta habari za mto uliotoka bustanini, ukagawanyika kuwa mito minne. Kwetu ni kinyume: Tshopo huingia Lindi, na Lindi huingia mto Kongo.

Jioni ya nne ni ya Kaini na Abeli. Kaini alikuwa mkulima, Abeli alichunga kondoo. Wote wawili walitoa sadaka. Ya Abeli ikapokelewa, ya Kaini haikupokelewa. Kaini akakasirika. Mungu akamwonya mapema, lakini hakusikia. Akamwua mdogo wake shambani.

Sasa someni tena polepole. Mungu anasema, Kaini anasema, lakini Abeli hasemi hata neno moja, tangu kuzaliwa mpaka kufa. Damu yake tu ndiyo inayolia toka ardhini. Anayesoma mbio hataliona jambo hilo.

Kama ningeendelea na sura ya tano, labda ningesahau. Lakini sura ya siku ilikuwa imekwisha, basi nililala na habari ile moyoni. Nikawakumbuka watu wa mji wetu. Tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, ambayo kwanza yalikuwa rafiki, yalipigana humu Kisangani. Wazee wenu huita Vita vya Siku Sita. Maelfu ya makombora yaliangukia nyumba na shule, wakafa mamia ya raia ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita vya 1998 mpaka 2003, na mambo ya Kisangani yametajwa katika hukumu hiyo. Ilikuwa imepita karibu miaka 22.

Tena, Mungu alimtia Kaini alama, ili mtu asimwue. Mbona alimlinda mwuaji? Nimelifikiri neno hili jioni nyingi, na bado nalifikiri. Mwulizeni padri au katekista wenu.

Sura ya tano ni majina na miaka. Metusela aliishi miaka 969, tuendelee.

Kisha Noe. Naye hunyamaza! Mungu anamwamuru, yeye anachonga mbao, anapaka lami, anaingiza wanyama, wala hatusikii neno lake mpaka gharika imekwisha. Safina yake ilikuwa na urefu wa mikono 300, upana 50, kimo 30. Mkono mmoja ni toka kiwiko cha mtu mzima mpaka ncha ya kidole cha kati. Mitumbwi ya wavuvi Wagenya kule maporomokoni mnaijua. Basi kateni kamba ya mikono kumi, mwanzie mlangoni mwa darasa, mpime mara thelathini, mwone safina ingefika wapi.