Utunzaji wa Meno na Kinywa

Katika somo lililopita tulijifunza kuwa safari ya chakula mwilini huanzia kinywani, mahali ambapo meno hukikata na kukisaga. Katika somo hili tutajifunza jinsi jino linavyooza, jinsi ya kulikinga, na kazi wanayoifanya wataalamu wa meno.

Gego la miaka sita

Mtoto huota meno 20 ya utoto. Meno hayo hung'oka moja moja, na mahali pake huota meno ya ukubwani. Mtu mzima aliyeota meno yote huwa na meno 32: meno ya mbele 8, chonge 4, magego madogo 8 na magego makubwa 12.

Gego kubwa la kwanza huota mtoto afikapo umri wa miaka sita hivi. Gego hili huota nyuma ya meno ya utoto, wala hakuna jino linalong'oka ili kulipisha. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa ni jino la utoto ambalo litang'oka baadaye. Sivyo. Gego hili ni la ukubwani. Likipotea, halioti jingine.

*Shughuli ya 1.* Nawa mikono, kisha chukua kioo ufungue kinywa. Hesabu meno kuanzia katikati kwenda nyuma, upande mmoja. Kama kuna pengo, lihesabu pia. Jino la sita ndilo gego la miaka sita. Unayo magego manne ya namna hiyo. Je, yote ni meupe na mazima?

Sehemu za jino

Sehemu ya nje ya jino huitwa enameli. Enameli ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, hata mfupa. Lakini haina mishipa ya fahamu, kwa hiyo ikiharibika hatusikii maumivu. Chini ya enameli kuna dentini, ambayo si ngumu sana. Ndani kabisa kuna kiini cha jino, chenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Mizizi hulishikilia jino katika mfupa wa taya.

Jinsi jino linavyooza

Kinywani mna bakteria wengi. Bakteria hao hujishikiza juu ya meno pamoja na mabaki ya chakula, wakafanya utando laini uitwao ukoga. Tunapokula vitu vyenye sukari, kama vile peremende, biskuti, soda na ubuyu wa sukari, bakteria huigeuza sukari hiyo kuwa asidi. Asidi huyeyusha madini ya enameli. Kila tunapokula sukari, asidi hufanya kazi yake kwa muda wa nusu saa au zaidi. Kwa hiyo mtoto anayemumunya peremende mchana kutwa hayapi meno yake nafasi ya kupumzika.

*Shughuli ya 2.* Weka kipande cha ganda la yai katika glasi yenye maji, na kipande kingine katika glasi yenye siki. Viache hadi kesho, kisha vitoe uvibonyeze kwa kidole. Ganda lililokuwa katika siki limekuwaje? Ganda la yai si jino, lakini vyote viwili vina madini yanayoyeyushwa na asidi.

Hatua nne za ugonjwa

Jino halitoboki kwa siku moja. Tazama jinsi ugonjwa unavyoendelea na jinsi matibabu yanavyobadilika.

1. *Doa jeupe.* Juu ya enameli hutokea doa lililofifia kama chaki. Hakuna maumivu. Mate na dawa ya meno yenye floridi huweza kurudisha madini yaliyopotea. Mhudumu wa meno huweza kulipaka jino floridi, au kuifunika mifereji ya gego ili chakula kisinase.

2. *Tundu.* Asidi imeipenya enameli na kufika kwenye dentini. Pengine jino husisimka kwa maji baridi au kitu kitamu. Mhudumu huondoa sehemu iliyooza na kuliziba jino.

3. *Kiini kimeshambuliwa.* Sasa jino huuma sana, hata usiku. Kuziba tu hakutoshi. Daktari hupiga picha ya eksirei, husafisha ndani ya mizizi kwa vyombo vyembamba, kisha huiziba. Kazi hii huhitaji utaalamu na gharama kubwa zaidi.

4. *Jipu.* Usaha hukusanyika penye mzizi. Mara nyingi jino hung'olewa. Uso au shingo ikivimba, na mgonjwa akawa na homa au akashindwa kumeza au kupumua vizuri, apelekwe hospitali mara moja, maana usaha ukienea huweza kuua.

Angalia jambo moja muhimu. Maumivu makali huanza katika hatua ya tatu. Mtu anayengoja mpaka jino liume amekwisha kupitwa na hatua mbili zilizokuwa rahisi kutibu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi yetu ya kila siku

Piga mswaki mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa muda wa dakika mbili. Safisha nje, ndani na juu ya kila jino, hasa magego ya nyuma. Tumia dawa ya meno yenye floridi, tema povu, usilimeze. Mswaki wa mti nao hufaa ukitafunwa ncha hadi ukawa na nyuzi laini, lakini uufikishe hadi nyuma. Fizi zikitoka damu, usiache kupiga mswaki. Damu hiyo mara nyingi ni dalili ya ukoga uliokaa penye fizi. Isipokoma, nenda ukapimwe.

Kazi ya wataalamu

Kuna mambo ambayo mswaki hauwezi. Ukoga ukigeuka kuwa mgumu kama jiwe huitwa ugaga, na huondolewa kwa vyombo vya mhudumu wa meno. Huduma hizo hupatikana katika hospitali za wilaya na katika baadhi ya vituo vya afya. Matatizo makubwa zaidi, kama vile taya lililovunjika au meno yaliyopandana, hupelekwa kwa madaktari bingwa katika hospitali kubwa kama Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam.

Jino la ukubwani liking'oka kwa kuanguka, liokote kwa kushika sehemu nyeupe, usiguse mzizi. Litie katika maziwa, kisha mkimbilie hospitali ndani ya saa moja. Huenda daktari akaweza kulirudisha.

Mambo ya kuepuka

Baadhi ya watu huamini kwamba mtoto mchanga mwenye homa au kuhara ana "meno ya nailoni", nao humkata fizi ili wayatoe. Kinachotolewa ni meno ya kawaida ambayo bado hayajaota. Mtoto huweza kupoteza damu nyingi au kupata ugonjwa kutokana na chombo kichafu, huku homa yake haijatibiwa. Mpelekeni zahanati.

Katika baadhi ya sehemu za mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, maji ya kunywa yana floridi nyingi kupita kiasi, na meno ya wenyeji huwa na rangi ya kahawia tangu yanapoota. Rangi hiyo si uchafu. Usimcheke mwenzako, na asisugue meno kwa mchanga, maana mchanga hukwangua enameli.

Maswali

1. Kwa nini watu wengi hudhani kuwa gego la miaka sita ni jino la utoto?
2. Kwa nini jino halisikii maumivu enameli inapoanza kuyeyuka?
3. Watoto wawili wana peremende tano kila mmoja. Wa kwanza anazila zote baada ya chakula cha mchana. Wa pili anakula moja moja kutwa nzima. Meno ya yupi yamo katika hatari zaidi? Eleza.
4. Mdogo wako ana umri wa miaka saba, na gego lake lina tundu dogo lisilouma. Utawaambia nini wazazi wako?