SOMO: KIZIBA KILICHOACHWA



Siku moja mama mmoja alileta mtoto wake hospitalini. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zake zilikuwa nyembamba na nyekundu. Hakucheza, wala hakutaka kula. Sisi watu wa Kivu tunaujua ugonjwa huu, tunauita bwaki. Vitabu vya waganga vinauita kwashiorkor.

Nilimwuliza baba yake, «Mtoto anakula nini?» Akajibu, «Bugali na sombe.» Nikauliza, «Na samaki?» Akasema, «Samaki wa sokoni ni bei kali.»

Baadaye nilikwenda kuwatembelea. Nyuma ya nyumba niliona kiziba cha samaki, ambacho babu wa mtoto alikichimba kwa jembe lake. Maji hayakuonekana kwa sababu ya majani. Tope lilikuwa limejaa, na ukingo umebomoka. Nilihuzunika sana. Njaa ilikuwa ndani ya nyumba, na chakula kilikuwa kimezikwa nyuma ya nyumba.

VIZIBA HIVI VILITOKA WAPI?

Katika miaka ya 1940 watu walijaribu kufuga samaki aina ya tilapia huko Kipopo, karibu na Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Kazi ile ikaenea. Kabla ya mwaka 1960 viziba vya Kongo vilipita 100 000. Baadaye vingi viliachwa. Ndiyo sababu mpaka leo unaweza kukuta mashimo ya zamani mabondeni, yamejaa matete. Kazi kubwa ya kuchimba ilikwisha kufanywa na wazee wetu. Kazi yetu ni kutengeneza.

KIZIBA KILICHOACHWA KINALETA NINI?

Usifikiri kwamba kiziba kibovu kinalala tu. Kinafanya kazi, lakini kazi mbaya. Mbu wanazaa katikati ya majani, mahali samaki hawafiki. Konokono wanashikamana na majani yale yale. Mgonjwa wa kichocho akikojoa au kunya karibu na maji, mayai ya mnyoo yanaingia ndani. Vijidudu vinaingia katika konokono, vinakua, vinatoka tena, na kutoboa ngozi ya mtu anayesimama majini. Basi watoto wanaooga pale wanarudi nyumbani na ugonjwa.

NAMNA YA KUKITENGENEZA

1. Toa maji kwanza. Fanya kazi hii wakati wa kiangazi. Funga mfereji unaoingiza maji, fungua njia ya kuyatoa. Kama hakuna bomba, kata ukingo mahali pa chini kabisa. Usiingie majini kufyeka majani. Ngoja maji yaishe na tope likauke. Ukiwa na buti, zivae.

2. Toa samaki wote. Utakuta wengi wadogo sana. Tilapia wanazaa upesi, na wakibanana hawakui. Samaki hao waliodumaa usiwarudishe kuwa mbegu. Wale, au wakaushe juani.

3. Ng'oa majani pamoja na mizizi. Kisha chukua chepeo, utoe tope. Wengi wanashindwa hapa. Wanafyeka majani ya juu, wanafurahi, na baada ya miezi michache majani yamerudi. Tope likijaa, maji yanakuwa mafupi. Jua linafika chini, na majani yanaota. Majani ni mtoto, tope ni mama yake. Chimba mpaka maji yaweze kufika nusu mita na zaidi upande wa juu, na mita moja upande wa chini. Tope lile ni mali: lipeleke katika shamba la lengalenga. Majani yarundike yaoze, yawe mbolea.

4. Acha jua lipasue udongo wa chini. Konokono wengi watakufa, lakini si wote, maana wengine wanajificha katika tope. Kwa hiyo kila juma ng'oa majani ya pembeni.

5. Tengeneza ukingo kwa udongo wa mfinyanzi, uushindilie vizuri. Usitie mizizi wala majani ndani yake, kwa maana yataoza na maji yatapita. Ziba matundu ya kaa na panya. Usipande miti juu yake. Panda majani mafupi.

6. Zuia tope jipya. Chimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua kando ya kiziba. Mbele ya mlango wa maji chimba kishimo, ili mchanga utue humo, nawe ukitoe mchanga huo mara kwa mara.

7. Nyunyiza majivu ya jikoni chini. Jaza maji, tia samadi ya mbuzi au ya kuku pamoja na majani yaliyooza. Ngoja maji yawe ya kijani, maana ukijani ule ni chakula cha samaki. Funga kisahani cheupe kwenye fimbo, ukizamishe. Kama kinapotea kwenye urefu wa shubiri moja na nusu hivi, mbolea inatosha. Ndipo tia samaki wadogo wenye afya, wawili kwa kila mita ya mraba. Kiziba cha mita 10 kwa 20 kinapokea 400. Baada ya miezi sita hivi unaweza kuvua.

Choo kiwe mbali na kiziba. Watoto wasioge humo. Mtu akiona damu katika mkojo au katika choo kikubwa, aje hospitalini. Dawa ya kichocho ipo. Nanyi mwendelee kulala ndani ya chandarua, kwa maana samaki hawali mbu wote.

SAMAKI NI WA NANI?

Wababa, nisikieni. Siku ya kuvua, wanunuzi wanasimama ukingoni na fedha mkononi. Uza, lakini usiuze wote. Sahani ya kwanza ni ya mtoto aliyeachishwa maziwa. Mama atoe mifupa yote, aponde samaki, achanganye na uji. Lakini mtoto aliyekwisha kuvimba miguu asingoje kiziba. Mleteni hospitalini siku ile ile, maana bwaki inaua.

Katika Mithali sura ya 24 tunasoma habari za shamba la mtu mvivu, jinsi miiba ilivyolifunika na ukuta ulivyoanguka. Halikuharibika kwa siku moja. Wala kiziba.

Yule mtoto alipona. Kiangazi kilipofika, baba yake na ndugu zake waliingia kazini na majembe.

MASWALI

1. Kwa nini kufyeka majani hakutoshi?
2. Kwa nini tunatoa maji kabla ya kuingia?
3. Nyumbani kwako, nani anakula samaki kwanza?