Kuzunguka Rungwe kwa gari kutafuta mambo ya kale

Nyumbani kwangu ni Nkunga, na ukungu wa Julai unapoanza kuachia hunijia simu za watu wanaotaka kujua waone nini cha kale huku. Wengi wameshafika Kilwa au Bagamoyo, kwa hiyo wanategemea magofu. Magofu ya kale sana Rungwe hakuna. Wanyakyusa walijenga kwa mianzi. Vijana wa rika moja walitoka kwa wazazi wao, wakaanzisha kijiji chao, na nyumba zilipochakaa zilirudi udongoni. Mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alipita huku mwaka 1879 akavisifia vijiji hivyo kwa usafi na migomba yake, lakini vyenyewe huwezi kuvikuta leo. Kilichodumu ni miti, maji na miamba ya volkano. Majengo ya kudumu yalikuja baadaye, na wamisionari na Wajerumani. Kwa hiyo mimi hupanga safari kwa kuanza na watu: mahali hapa mwenyewe ni nani, na ruhusa inaombwa kwa nani.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Mvua za huku huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na Machi hadi Mei barabara za udongo zinateleza kiasi kwamba gari dogo halifai kabisa nje ya lami. Juni na Julai kuna baridi kali; beba koti. Jaza mafuta Tukuyu kabla ya kuiacha barabara kuu.

Siku ya kwanza ianze juu, ukitokea Uyole. Isongole unachepuka kwenda Ziwa Ngozi, kisha unapanda kwa miguu ndani ya msitu mpaka ukingo wa kreta. Fika asubuhi mapema, maana mchana ukungu ukifunga utaona weupe mtupu. Ukishuka, pita Kiwira. Daraja la Mungu ni mwamba wa lava uliovuka Mto Kiwira, maji yakapita chini yake. Kijungu kiko katika eneo la Chuo cha Magereza, kwa hiyo unajitambulisha getini na kuuliza kuhusu picha kabla ya kutoa simu mfukoni. Pale mto mzima unaingia kwenye tundu la mwamba, unazunguka humo ukitoa povu, halafu unatokea upande wa pili umetulia, mtu asingedhani ni maji yaleyale. Usikaribie ukingo, jiwe linateleza hata kiangazi.

Misheni ya Rungwe ipe muda wa kutosha. Wamoravian walifika hapa mwaka 1891 na kuweka kituo chini ya Mlima Rungwe. Nenda siku ya kazi, umsalimie mchungaji kwanza, umweleze unatoka wapi. Ukiingia kimyakimya na kamera utaona matofali tu. Ukisalimia utapata mtu wa kukuonyesha kanisa na kukueleza habari zake. Hilo nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona wageni wakipita pale dakika chache na kuondoka na picha ya ukuta.

Siku ya pili ni Tukuyu na Masoko. Tukuyu ndiyo Neu Langenburg ya Wajerumani, waliohamia huku juu kutoka Langenburg ya kwanza, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mei 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yaliiteka. Kutoka hapo shika barabara ya Masoko, ushuke taratibu kwa gia ndogo, usitegemee breki peke yake. Ziwa la Masoko ni la kreta, na karibu yake kuna jengo la mawe la enzi za Wajerumani. Utasikia habari za fedha na silaha walizozitupa majini walipokimbia vita, na pengine utaletewa sarafu ununue. Sikiliza hadithi, sarafu usinunue. Zikiondoka moja moja mfukoni mwa wageni, Masoko haitabaki na kitu cha kuonyesha watoto wake.

Kuhusu misitu ya mazishi ya machifu, hapo naomba subira. Chifu alipotawazwa ilipandwa miti, na machifu walizikwa kwenye vichaka ambavyo havikatwi. Lubaga, huko Selya, ndipo palipokuwa na ibada ya Lwembe, chifu aliyehesabiwa mtakatifu, na mwanaanthropolojia Monica Wilson aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930 aliandika habari zake kwa kirefu. Usiipange kama kituo cha nusu saa. Tuma mtu siku kadhaa kabla, aongee na wazee. Wakikataa, endelea na safari bila kubembeleza. Mama mmoja wa Selya alituambia, “Mketi kwanza, wanangu. Huwezi kwenda kwa wafu hujawasalimia wazima.” Tukala ndizi na maziwa ya mgando hadi mchana, na mambo mengi niyajuayo kuhusu Selya niliyasikia pale kwake.

Ukiwa na siku ya tatu, ifanye Jumamosi, uteremke kupitia Ipinda hadi Matema. Siku hiyo kuna soko la vyungu Lyulilo, na wanawake wa Kikisi huleta kwa mitumbwi vyungu wanavyovifinyanga kwa mkono. Fika asubuhi, na nyuma ya gari weka majani makavu ya migomba ya kufungia vyungu, maana njia ya kurudi ina mashimo.