Dagaa wa Kigoma na Viumbe Tusiowaona



Hapa Mtumba hatuna ziwa, ila dagaa wa Kigoma tunao sokoni. Umewahi kujiuliza wao wanakula nini? Wanakula zuplanktoni, vijidudu vidogo mno vinavyoelea majini. Navyo hula mimea midogo sana inayotegemea rutuba ya chini ya Ziwa Tanganyika, ambayo hupanda juu upepo wa kiangazi unapochanganya maji.

Sasa dunia inazidi kupata joto. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na yale ya baridi ya chini. Rutuba inabaki kilindini, mimea inapungua, vijidudu vinakosa chakula, na dagaa vilevile. Kwa hiyo tusiwalaumu wavuvi peke yao.

Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015 (namba 40), anakumbuka hata planktoni za baharini: tunazisahau, kumbe chakula chetu kinazitegemea.

Wiki hii, ukibariki chakula, mshukuru Mungu kwa viumbe hao. Kisha panda mti mmoja, uumwagilie mpaka mvua zije. Mti mmoja hautapoza ziwa, sawa. Ila anayetunza kidogo amejifunza kutunza.