Kioo cha kalkuleta kitavusha intaneti?

*Naishi Msanga Mkuu, ng'ambo ya bandari ya Mtwara. Je, kioo cha kalkuleta mbele ya tochi kinaweza kurusha intaneti hewani?*

Mwanga unaweza. Mwaka 2021 Taara, mradi wa kurusha intaneti kwa mwanga, uliunganisha Brazzaville na Kinshasa kwa miale, kilomita 4.8 juu ya Mto Kongo.

Tatizo la msomaji ni kioo. Fuwele zake za kimiminika hugeuka kwa milisekunde nyingi. Zinatosha herufi chache, si video. Taa ya LED, kinyume chake, huweza kuwaka na kuzimika mara mamilioni kwa sekunde.

Aanze na LED ndani ya nyumba, kisha uwanjani usiku. Mlingoti wa kushikilia taa usiyumbe, na akumbuke kuwa ukungu na mvua kubwa hukata miale. Akitumia leza, asiielekeze machoni wala kwenye vyombo vya majini.

Akitaka kuwauzia majirani huduma, kwanza aombe leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).